Directrice na Uwanja Wake wa Ndege

Directrice alikuwa akikurekebisha kwanza, ndipo akusalimu. Ukipita mbele ya lango lake asubuhi ukasema, "Yambo Directrice, minye naenda ku soko," alisimamisha fagio, akakutazama mpaka ukaanza kujikagua vifungo vya blauzi, kisha akasema: "Mimi. Mimi ninakwenda sokoni. Rudia." Ukirudia vizuri uso ulilainika, akakuuliza habari za watoto, za mume, hata za mguu wa mama mkwe wako. Ukikataa kurudia, ulikwenda sokoni bila salamu. Mimi nimezaa, nimenyonyesha, nimeozesha binti, na bado nilikuwa narudia pale langoni kama mtoto wa darasa la pili.

Aliongoza shule ya msingi ambayo nusu ya mtaa wetu hapa Likasi tulipitia. Alistaafu zamani, lakini cheo kilimganda. Wazee walimwita Directrice, watoto walimwita Directrice, hata padri wake. Jina lake nalijua. Siliandiki, maana hata leo kuna watu wakilisikia wanatema mate chini, na mimi sitaki litemewe mate hapa pia.

Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na ukuta mfupi tu. Mimi ni mshonaji. Mashine yangu iko chini ya dirisha linalotazama parseli yake, yaani kiwanja chake, kwa hiyo miaka yote hiyo nilishona macho yakiwa uani kwa mtu. Sioni haya. Umeme ukikatika, na kwetu unakatika ingawa bwawa la Mwadingusha liko hapo hapo tu, mshonaji afanye nini? Anatazama.

Alikuwa mgumu, tusidanganyane. Marehemu husifiwa, lakini yeye hajafa, kwa hiyo niseme ukweli. Rula yake ya mbao ilivijua viganja vyetu vyote. Ukichelewa, rula. Ukisema "bantu" badala ya "watu", rula. Ukichora jina lako kwenye dawati kwa ncha ya bikari, rula, halafu ubaki kufagia. Lakini mtoto aliyekuja shuleni bila kula, Directrice alimwita ofisini. Sisi tuliobaki tulidhani mwenzetu amekwenda kuchapwa, kumbe yuko ndani anakula mkate na chai, na alipotoka alikuwa ameagizwa ajifanye analia ili tusijue. Nimeyajua haya nikiwa mtu mzima, kwa sababu mmoja wa waliojifanya wanalia ni mume wangu.

Alichukia kelele. Spika za kanisa la nyuma zikianza, alifunga madirisha yote na kulalamika kwa sauti ambayo ilishinda spika zenyewe. Lakini ndege wakianza kuimba kabla jua halijachomoza, aliyafungua madirisha yale yale, akakaa na chai yake yenye sukari ambayo daktari alimkataza, amevaa koti la marehemu mumewe. Ndani ya mfuko wa koti lile kulikuwa na misumari, vipande vya waya na peremende. Ukiomba peremende ulipewa msumari kwanza, mkacheka, ndipo ukapewa peremende.

Sasa hao ndege. Directrice alikuwa anawatundikia nyumba. Nyumba za kweli: visanduku vya mbao, na paa la bati, na tundu dogo la duara mbele, juu ya vigingi vya chuma pande zote za parseli. Watu wanaofuga hufuga kuku, bata, njiwa. Yeye hakufuga, maana hakuwafungia wala hakuwala. Alisema anawapangisha. Nilimuuliza kwa nini ndege wa porini apangishiwe nyumba mjini, akaniambia kwamba zamani mti uliokufa uliachwa usimame, na kila tundu lake lilikuwa na mwenyeji wake. "Siku hizi mti haupati hata nafasi ya kufa," alisema. "Unakuwa makaa ungali mzima." Hapo nikatazama magunia ya makaa kibarazani kwangu.

Shomoro walikuja, na kwenzi walikuja wakigombana kama wapangaji wa kawaida. Lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege mmoja: kandege keusi tii, dume amevaa kofia nyeupe, jike ana kitambaa cheupe kooni. Vitabu lazima vina jina lake. Mtaani tulimwita masœur, maana anafanana na sista aliyekwisha vaa kwa ajili ya misa. Wanaimba wawili wawili, mmoja anaanza na mwenzake anajibu, na Directrice aliweza kukaa akiwasikiliza mpaka chai ikapoa. Kila mwaka jozi moja ilirudi. Mwaka wasiporudi mapema alikuwa hakaliki, anagombana na kila mtu, hata na mwenye maziwa.

Alikuwa na sheria zake. Tundu liwe dogo: "Mlango mkubwa humkaribisha mwizi." Kisanduku kisitazame upande wa mvua. Kisipakwe rangi. Kigingi kivalishwe kopo la maziwa ya unga lililopakwa oili chafu ya gari, ili nyoka na paka wateleze. Makopo hayo alipewa na Baba Haji mwenye duka pale kona, Muislamu ambaye wazazi wake walitoka upande wa Kasongo. Baba Haji alikuwa akisema, "Nakupa, mama, maana hawa nao wanamtaja Mungu asubuhi, tena wanatangulia kabla ya muadhini." Na Directrice, Mkatoliki wa rozari, alimjibu kwamba wangekuwa wanakosea matamshi angewarekebisha.

Paka wangu alimtesa. Siku moja alikuja kwangu na kopo dogo lililotobolewa, ndani ametia kokoto, akadai nimfunge paka shingoni ili ndege wamsikie akija. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. "Paka ya kuvaa kengele, Directrice? Huyu njo paka ao njo mbuzi ya muzungu?" Directrice hakucheka. Alimfunga paka mwenyewe, akachanwa mkono, akaondoka damu ikichuruzika. Tangu siku ile paka wangu alitembea mtaani akilia chaka-chaka kama mcheza ngoma, na panya wote wakanenepa.

Visanduku alivitengeneza kwa madawati. Shule ilipoletewa madawati mapya, yale ya zamani yalitupwa nyuma ya jiko yakaoze, na yeye akayakokota moja moja hadi nyumbani. Ni yale yale tuliyochora majina yetu tukachapwa. Alipoyakata mbao hakuyapiga randa. Majina akayaacha yatazame nje, juu ya tundu au chini yake: PATIENT. MIREILLE. GODÉ NA ALI. Langu lipo upande wa mpapai, limekosewa herufi. Nilimwambia, "Directrice, ulitupigia haya majina, sasa unayatundika?" Akasema, "Niliwachapa ili muache. Hamkuacha. Basi yafanye kazi."

Kimoja kiliandikwa TRÉSOR, herufi kubwa, nzito, za mtoto aliyekuwa na muda wa kutosha wa kuchora kwa sababu hakuwa anasikiliza. Trésor alikuwa mtoto wa Mama Furaha, mwanamke anayekaanga mikate ya mafuta ng'ambo ya barabara. Udogoni hakuna aliyemshinda kwa manati. Ndege aliyemwona Trésor alijua siku zake zimekwisha. Ukubwani akawa mchimbaji, mmoja wa vijana wanaoshuka kwenye mashimo upande wa Shinkolobwe, kule kulikofungwa lakini kila mtu anaingia. Na huyo huyo muuaji wa ndege, akirudi Jumapili na vumbi masikioni, alikuwa akipita kwanza kwa Directrice, anasimama chini ya kisanduku chenye jina lake, anapaza sauti: "Directrice! Batoto yangu beko namna gani?"

"Watoto wangu. Wako namna gani."

"Beko wanakula?"

"Wanakula kuliko wewe. Tazama hiyo shingo."

Alimpenda yule kijana kuliko alivyotaka ijulikane. Na kwa kuwa alimpenda alimsema, na alimsema kwa sauti ile ya kusimamisha gwaride. Siku moja langoni, watu wakipita, Mama Furaha mwenyewe akisikia, alimwambia: "Trésor, shimo halina rafiki. Litakufunika, na mimi nitakuja kwenye kilio chako nikiwa na hasira." Trésor alicheka, akamwomba peremende. Sisi tulioko karibu tulicheka pia. Nani angejua kwamba maneno yale yalikuwa yanawekwa akiba?

Kibao ndicho kilichoharibu kila kitu. Nasema kibao, lakini nisiusingizie ubao. Mdomo huponza kichwa. Watoto wa mtaa walizoea kuruka ukuta, mbuzi wakiingia, wapita njia wakirusha mawe kwenye visanduku ili waone nini kitatoka. Directrice akachukua ubao mmoja uliobaki, rangi nyeupe, brashi, akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, akaupigilia langoni:

UWANJA WA NDEGE. KIMYA. PAKA NA MANATI MARUFUKU.

Alirudi nyuma hatua chache, akasoma, akacheka peke yake. Ilikuwa mara chache sana kumwona akicheka. Alinielezea mimi kupitia dirishani, kana kwamba nisingeelewa: Kiswahili, alisema, ni lugha tajiri hata inapobana matumizi, neno moja kwa kiumbe wa Mungu na kwa chombo cha chuma. Baba Haji alikuja kusoma, akashika mbavu. Madereva wa pikipiki walifurahi kuliko wote. Haikupita wiki, lango lile likawa kituo. "Unishushe ku aéroport," abiria wanasema, na dereva anajua. Hata mume wangu aliporudi na lori kutoka Kolwezi alinipigia simu: "Minye nishafika ku aéroport, pika bukari," ndio ugali wetu.

Lakini kwetu neno hilo lina maana ya tatu, na kila mtu anaijua ingawa hakuna anayeiandika langoni. Ndege, au ndeke kama tunavyosema sisi, ni pia kile chombo ambacho walozi, yaani wachawi, wanasafiria watu wakilala. Hutengenezwa kwa ganda la karanga, wanasema, na hubeba abiria wengi, na abiria wengine hawarudi. Nimekulia katika maneno hayo. Directrice pia alikulia humo, lakini yeye alikuwa amekwisha yapiga rula kichwani mwake zamani, akadhani na sisi tumeyapiga.

Kisha shimo likamfunika Trésor.

Walimleta kwenye turubai, yeye na mwenzake. Sitaki kueleza Mama Furaha alivyolia. Kilio kilikuwa mbele ya nyumba yake, viti vimepangwa hadi barabarani, na Directrice alikuja kama alivyoahidi, na koti la mumewe, akakaa mstari wa nyuma bila kusema na mtu. Nilimwona akisaga meno. Watu wengine walimwona pia, na hasira ya mtu aliyefiwa na hasira ya mtu mwenye siri zinafanana sana usoni.

Siku ya pili ya kilio alifika mchungaji mgeni. Hakuwa wa mtaa wetu. Alikuwa amekuja mjini kwa kampeni ya maombi, na jamaa wa Mama Furaha walimwalika afariji. Alishuka kwenye pikipiki mbele ya lango la Directrice, kwa sababu hapo ndipo dereva alipozoea kushushia. Akasoma kibao. Akakisoma tena.

"Uwanja wa ndeke?" akauliza. "Hapa, mu cité, kati ya manyumba? Ndeke gani inatua hapa?"

Mwezi mmoja kabla, watu wangecheka, wangemwambia ni mzaha wa mwalimu mzee. Siku ile hakuna aliyecheka, maana Mama Furaha alikuwa amekaa pale chini, kichwa wazi. Halafu mwanamke mmoja akasema, kwa sauti ndogo, kwamba ndani kuna visanduku. Mwingine akasema vina majina ya watu. Kijana mmoja akasimama juu ya tofali, akachungulia ukutani, akasoma kwa sauti: "Patient... Mireille... Trésor."

"Trésor?" akauliza mchungaji.

"Njo yeye. Jina yake iko pale, ku sanduku, na tundu."

Na yule aliyekuwa na kumbukumbu akakumbuka: shimo litakufunika, nitakuja kwenye kilio chako nikiwa na hasira. Jamani! Neno kwa neno. Mtaa wangu, unaosahau hata siku ya kulipia maji, ulikumbuka sentensi nzima.

Nilikwenda kwa Directrice asubuhi iliyofuata. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatazama kisanduku cha Trésor. Masœur walikuwa wanaingia na kutoka, mdomoni viwavi, na ndani kulisikika vitoto vinavyodai chakula. Macho ya Directrice yalikuwa mekundu. Hakuwa amelala, wala hakujaribu kuficha.

"Directrice," nikamwambia, "toa kile kibao. Na ile kisanduku ya Trésor, tuitoe leo leo."

"Kile kisanduku. Tukitoe." Hata hapo! "Haiwezekani. Kina watoto. Ukihamisha kiota sasa, wazazi wanakitafuta pale kilipokuwa, na watoto wanakufa wakiita."

"Basi futa jina. Paka matope tu."

"Hawapendi mikono yetu pale mlangoni. Siku si nyingi wataruka. Wakiruka nitakiteremsha mwenyewe, nimpelekee mama yake akikitaka."

"Bantu banasema..."

"Watu wanasema."

"Directrice!" Nilipiga kelele, nisameheni, nilimpigia kelele mwalimu wangu. "Beko banasema uko mulozi! Umeelewa? Mulozi! Nenda ukaongee nabo, ubaambie kama ni mzaha!"

Dume lilikuja, likatua juu ya bati, likatutazama, likaingia.

"Mzaha ukishaelezwa si mzaha tena, ni utetezi," akasema. "Na mimi sina kosa la kujitetea. Nimewafundisha kusoma hao. Wote." Kisha sauti ikabadilika. "Mwanangu, Trésor wamemfukia. Mimi sikuzaa, unajua. Nimebakiwa na hiki chenye jina lake, na ndani kuna kitu kinaomba chakula. Unataka nikizime kwa sababu ya mdomo wa mgeni?"

Nilirudi kwangu nikakaa kwenye mashine bila kushona. Nilianza kuomba: Yesu wangu, fanya hivyo vitoto viote manyoya upesi. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu wiki ile yote. Niliamka nayo. Nilichungulia dirishani kila nilipopata nafasi, nikaona kichwa kimoja kikichomoza tunduni, bado na vinyuzi vya utoto, nikajua hakitaruka kabla ya Jumapili, siku waliyosema watakuja na mchungaji.

Wakaja Jumapili, baada ya ibada, jua la saa saba, watu wakiwa na nguo zao nzuri. Nguo nyingine nilizishona mimi. Waliimba wakivuka barabara. Lango halikuwa limefungwa hata kwa kamba. Baba Haji alitoka dukani akajaribu kusimama mbele yao, mikono juu, "Tulieni, ndugu, tulieni kwanza," wakamsogeza kando kwa heshima, kama unavyosogeza kiti. Mimi niliruka ukuta. Mume wangu akanifuata, akanishika kiuno kwa nyuma akanibana, akiniambia sikioni tuna watoto, tuna watoto, na mimi nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Visanduku vingine walivipiga mawe na vijiti, vikaanguka kama mapapai. Lakini kile cha Trésor mchungaji alisema lazima mama yake akiteremshe kwa mkono wake, amkomboe mwanawe. Wakamletea kiti. Mama Furaha alipanda akiwa analia. Akakishika, akakivuta kutoka kwenye kigingi, na alipokipakata kifuani akatia vidole tunduni. Nilimwona akisimama vile. Uso ulibadilika. Alikuwa amegusa vitoto.

"Ngojeni," akasema. "Iko na roho mu ndani."

Alitaka kusema kuna uhai. Mimi najua, kwa sababu nilimwona uso wake, ulikuwa uso wa mama. Lakini umati ulisikia roho, na roho iliyofungiwa ndani ya sanduku lenye jina la marehemu, basi! Uani pakalipuka. Wengine walianguka chini, wengine wakanena kwa lugha.

Na Directrice, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu waingie, akapiga hatua mbele. Alimtazama Mama Furaha peke yake. Na akasema kwa Kiswahili chetu, cha hapa, ambacho sijawahi kumsikia akikisema maishani mwake, maana alitaka aeleweke:

"Mama Furaha, ni ndeke tu. Ni ndeke na batoto yake. Ubaache."

"Ameitika! Amekubali!" mtu akapaza sauti. "Amesema ndeke! Amesema batoto!"

Haya. Wakamnyang'anya Mama Furaha kisanduku. Petroli ilitoka kwenye pikipiki. Mbao za madawati zile zilikuwa kavu kwa miaka ya viganja vyetu, zilishika upesi. Dume na jike walikuwa wanazunguka juu ya moshi, na hawakuimba. Walikuwa wanapiga mlio mmoja mfupi mfupi, bila kukoma. Directrice alisikiliza. Kulikuwa na watu wazima pale ambao aliwafundisha kushika kalamu, aliwajua kwa majina, na hakumwita hata mmoja.

Hawakumpiga sana. Nasema "sana", oneni tulikofika. Askari walikuja wakamchukua kwa usalama wake, na baada ya siku chache mpwa wake akaja kumtoa, akampeleka kukaa naye Buluo. Parseli sasa kuna mtu anarundika humo magunia ya mawe ya mgodini. Vigingi vilibaki muda kidogo. Wale masœur wawili walirudi pale kila asubuhi, viwavi mdomoni, wakatua juu ya chuma kitupu, wakangoja, wakaondoka, wakarudi. Niliwaona kupitia dirisha. Nilihamisha mashine nikaipeleka upande wa barabarani.

Mama Furaha hatujazungumza mambo yale ila mara moja. Alikuja kuchukua nguo, akakaa, akafungua kiganja chake akakitazama. "Kulikuwa moto mule mu sanduku, joto," akaniambia. "Kabla ya batie moto. Kulikuwa moto kidogo, vizuri, sawa vile mutoto analala." Nilijifanya natafuta uzi.

Nilikwenda Buluo mwaka huu, baada ya mvua. Nilichukua sukari, sabuni, na kitambaa cha gauni. Nyumba ya mpwa wake iko njia inayoelekea gerezani, nyumba ya tofali za udongo, paa la bati lenye mawe juu yake. Nilimkuta peke yake, wengine wamekwenda shambani. Amekonda. Alipokea sukari kwa mikono miwili, akaiweka chini, akaniuliza habari za nyumbani, mmoja mmoja. Hakumwacha hata paka. Nikadhani, afadhali, bado yuko.

Kisha akanyanyuka. "Umekuja wakati mzuri," akasema. "Nishikie kigoda."

Mlangoni kulikuwa na beseni la udongo uliokandwa, na kitambaa kilichochanwa vipande. Juu, pale ukuta unapokutana na bati, kulikuwa na tundu la kiasi cha ngumi. Shomoro wawili walikuwa kwenye kamba ya nguo, mmoja ameshika unyoya wa kuku.

"Tangu juzi wanabeba," akasema. "Wanataka kujenga kwangu."

Nilifurahi, mjinga mimi. Nilisema, "Directrice, wamekufuata! Unataka tupanue?"

"Tunaziba."

Alipanda. Nilishika kigoda kwa mkono mmoja na mguu wake kwa mwingine, na mguu ule ulikuwa mwembamba hata nikaogopa kuukaza. Alitia kidole tunduni kwanza, taratibu, akapapasa ndani. "Hakuna yai," akasema. "Ndiyo maana nataka leo. Kesho ingekuwa dhambi." Akasukuma vitambaa, akapiga udongo juu yake, akausawazisha kwa kiganja mpaka hapakuonekana kitu.

"Hapa hakuna anayekujua," nikamwambia. "Waache wakae."

"Watanijua. Habari hutembea. Na siku wakinijua, watatafuta ni nani anayekaa kwangu."

Yule shomoro mwenye unyoya akaruka hadi pale, akapiga mabawa mbele ya udongo mbichi, akashindwa pa kutua, akarudi kwenye kamba. Directrice alimpigia makofi. "Nenda! Nenda kwa wengine!" Mwenye unyoya akahamia paa la jirani. Alipiga makofi tena mpaka wote wawili wakaondoka, ndipo akanawa mikono, akakaa.

Hakuchemsha chai. Jua lilikuwa bado juu nikadhani tuna mchana mzima.

"Asante kwa sukari," akasema. "Sasa usirudi."

"Directrice, unasema nini?"

"Una watoto. Una mashine, na watu wanaokuletea vitambaa. Wakijua unakuja hapa wataacha kuleta, na hilo litakuwa ndio mwanzo tu. Nimekuona, inatosha. Nenda."

Nilikataa. Nilimwambia nitakuja kila nikipata nafasi, waseme wanavyotaka kusema. Nililia, nikamshika mkono. Akautoa. Alinisindikiza hadi mlangoni akanisukuma mgongoni, si kwa nguvu. Nilipofika barabarani nikageuka nione kama ameingia ndani. Alikuwa bado amesimama pale mlangoni, akinipigia makofi niende.